Kabla Hujaja Kwenye Tamasha

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa tano kimekwisha. Kama hakijakwisha nenda hospitali, acha kujikaza kisabuni. Sisi huku hatujambo, maana yake tunalala na tunaamka. Mama miguu inavimba ikifika mchana, na jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu. La kulia bado kali. Juzi aliona uzi unaning'inia kwenye pindo la gauni langu, yeye yuko mlangoni na mimi niko barabarani, akaniuliza kwa sauti kama huo ndio ushonaji ninaoutangaza.

Mimi bado nashona. Cherehani iko palepale chini ya dirisha. Miezi mingine ni sare za shule na mapazia, ila mwezi huu nashona mavazi ya watu wa igizo. Nitakufikisha huko.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Ulisema neno la simuni likipita limepita, bora karatasi. Mama hucheka kwamba huko kiwandani wanakuita Bwana Karatasi, kwa kuwa hushiki spana mpaka mtu akuandikie anachotaka. Mimi sicheki.

Sasa habari yenyewe. Mwishoni mwa mwezi huu mtaa wetu una tamasha la sanaa, siku tatu, na mwaka huu litafanyika kwenye ua wa kilichokuwa kiwanda chetu cha mikate. Tanuri lilishabomolewa na ukuta umepakwa chokaa. Mwenyekiti wa mtaa ameazima turubai kubwa, na wachoraji wameshaanza kugombania upande wenye kivuli. Ijumaa ni picha na vinyago, Jumamosi igizo, Jumapili kwaya na mashairi.

Mama anataka uje. Ni miaka kumi na mmoja tangu uondoke, wiki ileile tuliyomzika baba, na tangu hapo tunakuona kwenye barua tu. Wiki iliyopita aliipanga safari yako yote, kuanzia stendi hadi mto wa kulalia. Nitakuandikia mpango wake, kisha nitaandika la kwangu. Nakuomba kitu kimoja: usikate tiketi, wala usikatae, mpaka umefika mwisho wa barua.

Mpango ni huu. Uje Alhamisi kwa basi la mchana, upate siku ya kupumzika. Shemeji yako, fundi wa kuchomelea vyuma, atakupokea. Utamjua kwa kofia, maana haivui hata akioga, na mimi ni shahidi. Utalala chumba cha nyuma, ambako nimeshaondoa marobota yangu ya vitambaa. Mlango wake unakwama, usukume kwa bega. Ijumaa utamshika mama mkono mkatazame picha, polepole, mkipumzika kwenye kila benchi. Jumamosi saa tisa alasiri mtakaa viti vya mbele kabisa, kimoja chake, kimoja chako. Ameshaviandika kwa chaki mgongoni ili asije mtu na makalio yake akajitwalia.

Na ujumbe wake, alionitamkia Jumatano, niuandike neno kwa neno: "Mwambie tulishamsamehe zamani. Aje akae karibu yangu, watu waone." Nimeuandika alivyousema. Usiushike bado.

Igizo la Jumamosi linatuhusu sisi. Mtunzi ni yule mwalimu mstaafu tunayemwita Kipaza, kwa kuwa hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Mwaka jana aliigiza mafuriko, watu wakalia wakaridhika, basi mwaka huu akataka ajali ya tanuri. Alikuja kwa mama na sukari kilo mbili kuomba ruhusa. Mama akakubali kwa sharti moja, usionyeshwe kama mtu mbaya. Uonyeshwe kijana mchapakazi ambaye masikio yalimdanganya, na kosa liwe la mashine.

Kinyozi wa kona ndiye baba. Fundi simu ndiye wewe. Binti wa muuza mkaa ndiye mimi. Aproni ya baba nimeishona mara mbili, kwa kuwa ya kwanza niliikata kombo nikiwa nimeikodolea macho bila kuiona.

Jumanne Kipaza aliniita kwenye mazoezi nipime mavazi. Nikawakuta kwenye tukio lenyewe. Kinyozi amelala chini, kichwa ndani ya boksi la mbao ambalo ndilo tanuri. Binti amesimama mlangoni. Kinyozi akasema, "Funga kabisa." Binti akageuka na kupaza sauti safi, "Funga kabisa." Fundi simu akaweka kiganja sikioni, akakunja uso, akazungusha koki kuelekea kusiko. Watu waliokuwa uani wakacheka. Hawakuwa na ubaya, fundi simu ana sura ya kuchekesha hata akiwa msibani. Mama hakucheka, alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

Kipaza akafurahi. "Wacheke hapo, ndipo walie mbele," akasema. Kisha akanigeukia. "Mama Cherehani, hebu mwonyeshe huyu binti ulivyolisema siku ile. Sauti ileile."

"Nimesahau," nikamwambia.

"Neno moja tu hilo, unalisahau vipi?"

Nikasema nimeacha pasi kwenye umeme, nikaondoka. Pasi ilikuwa kabatini.

Kaka, sijasahau. Naandika sasa lile lililonifanya nikuombe usikate tiketi.

Asubuhi ile unaijua. Baba alikuwa ameingiza kichwa na mabega kwenye chumba cha chini cha tanuri, anatengeneza kichomeo kilichokuwa kikizimika. Chumba cha juu kilikuwa kinawaka kwa sababu mikate ya saa nne ilikuwa ndani. Wewe ulikuwa uani kwenye mitungi ya gesi, ukuta umetutenga. Mashine ya kukandia unga inanguruma, na haizimwi unga ukiwa ndani. Mimi mlangoni, kazi yangu kuchukua neno la baba na kukuletea wewe. Asubuhi nzima ilikuwa hivyo: fungua kidogo, funga, fungua tena, funga.

Kitu ambacho hukukiona ni dirisha la duka. Kulikuwa na mteja pale, mama mmoja mwenye haraka zake, anagonga bati: fungua, fungua basi, tumechelewa. Nilikuwa nimemgeukia nimjibu kwa jeuri, unajua mdomo wangu ulivyokuwa. Hapo baba akasema, "Funga kabisa." Nilimsikia vizuri. Nikakugeuzia shingo na kupaza sauti, "Fungua kabisa."

Hukusikia vibaya. Ulisikia nilichosema, na ukafanya ulichoambiwa.

Nilijua palepale, neno bado liko mdomoni. Nilivuta pumzi nilirekebishe, na tanuri likanitangulia, likalipuka.

Kule hospitali, kwenye korido yenye benchi la kijani, shangazi aliniuliza mbele yako nilikwambiaje. Nikasema nilikwambia funga. Ukanitazama. Ukasema wewe umesikia fungua. Shangazi akasema mashine ile inaziba masikio, si kosa la mtu. Ndipo ukasema, "Labda." Neno lako hilo nimeishi nalo kuliko nilivyoishi na mume wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, lakini hiyo si sababu. Mtu wa miaka kumi na tisa anaijua kweli na anaujua uongo. Niliogopa, basi. Nilijiambia nitasema baba akipata nafuu, na siku ya tisa baba akafariki bila kutamka lolote. Nikajiambia nitasema baada ya maziko. Wewe ukaondoka, na asiyekuwepo na lake halipo, hadithi ikakaa ilivyokaa mpaka mtaa mzima ukaijua kwa moyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na wewe ndiye uliyeitembea.

Mwaka wa nne uliandika kwamba umekwenda kwa daktari wa masikio. Alikuvalisha vile vya kusikilizia, ukabonyeza kitufe kila ulipolia mlio, akakwambia masikio yako ni mazima kabisa. Uliandika kwamba hukumwamini na umeomba kwenda kwa mwingine. Nilikuwa namsomea mama barua ile kwa sauti, nikaparuka hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, Kaka, na wewe ulikuwa unakitafuta sikioni. Mengine yote nilimsomea, hadi salamu.

Ningekuwa mtu mwema ningekwambia nimeungama kwa kuwa dhamiri ilinisuta. Ilinisuta miaka yote na nikaizoea. Kilichonishinda ni kile kicheko cha Jumanne. Nilikuona umekaa kiti cha mbele, chaki inakuchafua mgongo, watu wanacheka kiganja cha fundi simu sikioni, na wewe unatabasamu ili mama asiumie.

Jana asubuhi nilimwambia mama. Alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Nilisema yote bila kusimama, kama nilivyokuandikia hapa. Mkono wake ulitulia juu ya sinia.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna. Mimi tu."

Akaendelea kuchambua mpaka punje ya mwisho. Akayaosha, akayabandika, akaniambia nitoke jikoni. Hatujala pamoja tangu hapo. Leo asubuhi ndipo aliponiita, na hilo nitalifikia.

Kutoka kwake nilikwenda kwa Kipaza. Kwa mara ya kwanza maishani nimemsikia mtu yule akiongea kwa sauti ya chini. Aliniuliza kama nataka igizo lifutwe. Nikamwambia hapana. Binti wa muuza mkaa atakuwa yule mteja wa dirishani, na mlangoni nitasimama mimi mwenyewe, nimsikie kinyozi akisema funga, nipaze nililolipaza. Fundi simu hataweka kiganja sikioni. Atazungusha koki kama mtu mwenye akili zake aliyeambiwa azungushe, na ua mzima utaona.

Najua watakachosema. Wengine wataacha kuniletea nguo, na walimu wa sare wataanza kukumbuka kwamba kuna fundi mwingine ng'ambo ya barabara. Wanangu watayasikia shuleni. Shemeji yako nilimweleza jana usiku bila kusubiri, akakaa muda na kofia yake mkononi, ndiyo siku niliyoona ana kipara. Alichemsha chai, akanimiminia kwanza mimi.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Ukija, utakuja ukijua. Kama hutaki kulala nyumba moja na mimi, kinyozi ana chumba na amekubali bila kuuliza sababu. Kama hutaki kuniona kabisa, nitakuwa nyuma ya pazia hadi zamu yangu, kisha nitapita mlango wa uani. Na usipokuja, nitasimama palepale na kusema nilichosema. Sisemi kwa ajili ya kukuvuta. Nimechoka kukuona umebeba mzigo wangu na kunitumia salamu juu yake.

Msamaha sikuombi. Nikiuomba sasa utanipa, maana nakujua, umezoea kupokea lawama na kurudisha wema. Kaa kwanza na hasira yako, ni haki yako na imechelewa miaka kumi na mmoja. Niandikie matusi ukitaka, nitayasoma yote na sitaruka mstari.

Wapwa zako wawili wanakusalimu. Hawajawahi kukuona, lakini mdogo anakuchora kila mara, na kila mara anakupa masharubu. Sijui ameyatoa wapi. Kinyozi anakusalimu na anauliza baba alikuwa anashika kisu cha kukatia unga kwa mkono gani, anataka apatie. Fundi simu naye anakusalimu, kwa aibu. Shangazi bado hajui, nitakwenda kwake kesho nikimaliza kutuma barua hii. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri, na akuonyeshe la kufanya nasi.

Mama hajakutumia salamu. Nilipoingia chumbani kwake leo asubuhi nimuulize niandike nini, alikuwa ameketi kitandani amevaa kabisa, viatu pia, na hana safari. Akasema nisikutumie ule ujumbe wa Jumatano. Nimekuandikia hata hivyo, kwa kuwa nimeshakuficha mengi. Kisha akasema niandike hivi, na nirudie kumsomea asikie kama nimepatia:

"Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nakusamehe, na wewe ulikuwa unapokea. Hukuwa na kosa. Kiti nimekifuta chaki, usije kwa sababu yangu. Ila kama mguu utaniruhusu kupanda basi, nauliza, wewe utanifungulia mlango?"

Mdogo wako aliyekukosea, naye anakupenda,

Mshonaji.