Kijiti kwa Mikono Miwili

Jumamosi, Songea

Goti linauma, lakini tangu nirudi nyumbani nacheka peke yangu.

Mbio za kupokezana vijiti za maofisi zimeisha, na sisi tumekuwa wa pili kutoka mwisho. Wiki nzima nilimwambia Devotha, binti mpya wa mapokezi ambaye ndiye wa kunikabidhi kijiti: "Siku hiyo usiniamkie. Nipe tu nikimbie." Mazoezini kule Mshangano alinipa vizuri kabisa.

Leo mama yake kaja kutoka Namtumbo kumwangalia, kasimama pembeni ya njia, karibu nami. Devotha akaja kwa kasi, mbele yake mtu mmoja tu. Alipomwona mama yake akasimama, akapiga goti, akaninyooshea kijiti kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

Na mimi, badala ya kukimbia! Nikaitika, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Timu mbili zikatupita pale pale.

Meneja kanuna. Anasema mwakani nikabidhiwe na mtu wa rika langu. Rika langu nani, wakati ofisi nzima mkubwa ni mimi? Hilo limeniudhi. Naogopa wanatafuta namna ya kuniacha nje.

Lakini mama Devotha alikuja kunishika mkono. "Angekurushia tu kama kuni, ningeona aibu."

Mwakani napokea kwa Devotha huyo huyo. Ila marahaba nitaitika nikiwa mbioni.