Mkutano wa Amani Katika Bweni la Wasichana

Kwako Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na wajukuu hawajakumaliza. Shemeji naye hajambo? Mwambie namwamkia. Mimi huku sijambo, ila uchovu tu, na wala si uchovu wa wasichana wa bweni langu, maana shule imefungwa na wako makwao. Ni uchovu wa wazee wenye suti. Ningekupigia simu, lakini haya yaliyo mwishoni ungenikatia kabla sijayafikia. Barua huwezi kuikata. Waweza kuichana, lakini nakujua, utaviokota vipande uviunge.

Unajua nchi ilivyokuwa tangu Mkuu wa nchi atangaze kwamba anang'atuka na kwamba uchaguzi safari hii utakuwa wa kweli. Tulidhani tutashangilia. Badala yake soko likafungwa, watu wakarushiana mawe, na vijana wengi wakazolewa wakawekwa ndani bila kesi. Mmoja wao ni mtoto wa mpishi wetu, baba wa watoto wawili, aliyekuwa amesimama tu na bango lake. Mama yake, huyo mpishi, aliendelea kuja kazini. Anapika, anafunga jiko, anakwenda zake.

Ndipo wakatokea wazee wawili, Askofu na Sheikh. Askofu ni mrefu na mpole, akizungumza utadhani anabembeleza mtoto alale. Sheikh ni mfupi, lakini sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza. Waliwaita watu wa chama tawala na wa upinzani waje wakubaliane masharti ya uchaguzi kabla damu haijamwagika, na mahali walipopachagua ni hapa kwetu. Mwalimu mkuu alipouliza kwa nini wasiende hoteli, Sheikh alimjibu kwamba hotelini kila mtu atajifungia na simu yake, na amani itabaki mapokezi.

Basi waheshimiwa wakaja na magari ya vioo vyeusi, nami nikawapokea kama ninavyopokea kidato cha kwanza: shuka mbili, ndoo moja, kanuni za bweni ziko ukutani. Walinitazama kama niliyewatukana mama zao. Askofu akaniokoa, akawaambia kwa upole wake, "Mama Matroni ndiye serikali humu ndani." Tangu hapo nikavimba kichwa, sikufichi.

Vitanda vyetu ni vya ghorofa. Wazee wakaamuru kila kitanda kilale mtu wa chama tawala na mtu wa upinzani, wanaume bweni hili, wanawake lile. Katibu wa chama tawala, mwenye tumbo kama mimba ya mapacha, tulimlaza chini kwa kuhofia mbao. Juu yake akalala Wakili, msemaji wa upinzani, mwembamba kama ufito, mtu ambaye hata salamu huijadili kwanza ndipo aiitikie. Kulipokucha, Wakili alikuja kunishtakia kwamba Katibu anakoroma kama mashine ya kusaga. Katibu naye akaja kushtaki kwamba Wakili anahutubia usingizini, tena hotuba ileile ya mchana. Jambo moja tu waliafikiana: kwamba magodoro yangu ni adhabu. Sheikh akasema alhamdulillahi, kifungu cha kwanza kimepatikana.

Kifungu kilichofuata ndicho kilichokuwa mfupa wa koo. Wakili alitaka vijana waachiwe, na matokeo ya kura yabandikwe mlangoni pa kila kituo mbele ya wasimamizi wanaoaminika. Katibu akasema amani kwanza, hayo mengine yatakuja yenyewe. Wakili akasema amani isiyo na haki hata makaburini ipo. Wakashinda hapo, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, ukumbi ukawa gulio.

Nisilolitarajia ni kwamba wazee wetu nao wangegombana. Waliingia stoo yangu ya magodoro, wakagombana huku wanatabasamu, ili anayepita nje asijue. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu nakunja shuka. Askofu alisema Sheikh anambana mno Katibu, mwisho atawasha gari lake aondoke. Sheikh akamjibu kwamba Askofu ameombea sherehe za Ikulu miaka mingi hata ameanza kunukia mazulia ya huko. Dada, tabasamu la Askofu lilikauka palepale. Akaketi juu ya magodoro, akasema taratibu kwamba ni kweli, kwamba akina mama wanaosali kwake humuuliza watoto wao wako wapi, naye huwajibu kwa zaburi. Sheikh akaona amekata mpaka mfupani. Akaketi kando yake, akakiri kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufungua kinywa mpaka alipokamatwa mpwa wake. Wakabaki wameketi bega kwa bega, miguu ya Sheikh inaning'inia. Mimi nikapiga chafya. Wakainuka haraka, wakaniomba radhi kwa kuingia stoo bila ruhusa.

Kutoka hapo walikwenda ukumbini wakatangaza kwamba hawatakula mpaka vijana waachiwe na kile kifungu cha kura kiandikwe. Chakula kilipoletwa wakageuza sahani zao kifudifudi, wakasema, "Nyinyi kuleni, msitujali." Nani ale hapo? Wazee wawili wamekukodolea macho ya upendo! Katibu alijaribu. Alijaza kijiko, akatazama zile sahani, akakirudisha. Mpishi alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni, na nilimwona midomo inacheza kidogo.

Kesho yake mambo yakaharibika. Askofu ana kisukari. Sheikh aliiona mikono ya mwenzake inatetemeka, akamkokota hadi chumbani kwangu, akaniamuru nilete uji. Askofu akagoma, akasema ameahidi mbele za watu. Sheikh akamwambia hakuja hapa kuzika mtu, na kwamba maaskofu wenye kumvumilia ni wachache, hawezi kupoteza hata mmoja. Akasimama mlangoni amepanua mikono kama golikipa, mwenzake anakunywa. Na atokee nani varandani, kama si Katibu anayetafuta choo! Alimtazama Sheikh, akachungulia chini ya kwapa lake, akamwona Askofu ana masharubu ya uji.

Nikajua tumekwisha. Hili litafika redioni kabla kikombe hakijaoshwa. Hata Sheikh alishusha mikono yake. Lakini Askofu alijifuta mdomo, akatupita wote, akaenda moja kwa moja ukumbini, akasimama mbele yao.

"Ndugu zangu, nimekunywa uji. Sheikh hakunywa, ni mimi. Nimewaangusha, naomba mnisamehe."

Wakili akaanza kucheka, yule asiyecheka bila kunukuu sheria, na kicheko kikapita meza hadi meza mpaka mama mmoja wa chama tawala akamlalia begani mama wa upinzani, wote machozi. Katibu tu ndiye hakucheka. Alisema kwamba katika siasa zake zote hajamwona mtu akikiri jambo ambalo angeweza kulikana. Akamgeukia Wakili akamwambia, "Matokeo yabandikwe. Lakini wasimamizi wawe watu wa hawa wazee. Anayekiri kikombe cha uji, huyo nitamkabidhi kura zangu."

Wakili akauliza, na vijana je? Katibu akatoka uani na simu. Tulimwona kupitia dirishani, anazunguka kamba ya kuanikia nguo, mkono unapunga hewani. Akarudi jasho linamtoka, akasema wataletwa. Sheikh akasema vizuri sana, na sahani zitageuzwa tukiwaona.

Na kweli jioni basi likasimama getini. Wakashuka vijana, wamekonda, wengine peku. Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akampita Katibu, akampita Wakili, akampata mwanawe, akamchapa ule mwiko begani kwanza, kisha akamwangukia kifuani akalia kwa sauti. Baadaye alipopakua chakula, alimpa Katibu wali sawasawa na wengine, hakumpunguzia, hakumwongezea, wala hakumtazama usoni. Katibu alisema ahsante. Mpishi akapakua sahani iliyofuata. Akasema tena ahsante.

Siku ya kuondoka wazee walituita sisi wafanyakazi. Askofu alisema walichotia saini waheshimiwa ni karatasi tu, ulinzi wake ni sisi. Sheikh akauliza nani kati yetu atagombea japo uongozi mdogo. Tukatazama viatu vyetu. Akasema hivyo ndivyo mnavyowapata viongozi mnaowalalamikia.

Sasa Dada, shika kiti. Unajua muhula ujao nastaafu na kurudi nyumba ya mama. Bomba la mtaani kwenu halijatoa maji tangu wajukuu wako hawajazaliwa, na goti lako limekwisha kwa kupandisha ndoo. Nimeamua kugombea udiwani wa kata yetu. Ndiyo, kiti hichohicho cha shemeji. Simchukii. Si mwizi, na mama alipofariki ni yeye aliyenisitiri, sijasahau. Ila kiti amekikalia mpaka kimeshika umbo lake.

Nilimuuliza Sheikh kama huu ni usaliti. Akasema usaliti ni wewe kuusikia mtaani, kwa hiyo nikuandikie kabla sijamwambia yeyote. Hiyo, alisema, ndiyo haki yako. Amani nisimuulize yeye, nikuulize wewe. Askofu akasema ataniombea nishinde. Halafu akakumbuka kuwa yeye ni msimamizi wa kura, akasema atatuombea wote.

Basi ndiyo hayo. Shemeji mwambie baada ya kula, si kabla. Ukitaka kunitukana, nitukane, nikija nitakaa chini nisikilize mpaka umalize. Nisalimie wanao, wajukuu na majirani wote, hata yule wa ukuta wa nyuma. Na kura yako sikuombi, Dada, maana wewe ndiye unayelala na shemeji, si mimi. Ila ujue kwamba kwenye kile kibanda cha kupigia kura, mtu huingia peke yake.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Kidomo