Kalamu Inayosujudu

Wembley, Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na Mama na wote mlio chini ya paa lenu. Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu haina adabu; navaa soksi mbili mbili na bado nanung'unika.

Baba, nina habari, na nimeshindwa kungoja hata nivue koti!

Unamkumbuka Bi Mahin niliyekutajia, yule bibi wa Kiirani ninayemhudumia asubuhi, kumwogesha na kumpikia? Marehemu mumewe alikuwa mwandishi wa hati za mkono, kama wewe. Leo nimemkuta anasoma shairi la Kifarsi, akanifasiria kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Wallahi nimeacha uji ukaungua! Shairi zima linaeleza kazi yako. Karatasi inasuguliwa kwa jiwe mpaka ing'ae, na huko ndiko kusafishwa kwa moyo. Wino ni masizi ya taa, maana anayempenda Mungu lazima kwanza aungue. Na kalamu ya tete, Baba! Inakatwa kichwa, inapasuliwa ulimi, kisha inatembea kwa kichwa hichohicho juu ya karatasi, machozi meusi yakiitoka. Imesujudu. Kila mstari ni sijda.

Hapo nikakukumbuka. Nikamweleza kwamba unaandika msahafu kwa mkono, badala ya ule wa Babu uliopotea siku za mapinduzi. Kwamba umebakisha juzuu moja tu, ile ya sura fupi, na umeacha kwa sababu mkono unatetemeka nawe unaona ni kumkosea Mungu adabu.

Bi Mahin akanituma kabatini nikalete fremu. Ndani mna ukurasa wa mwisho aliouandika mumewe akiwa mgonjwa. Juu herufi zimesimama wima, chini zinayumba zote. Kazi zake nzuri nzuri bibi amezigawa, huu tu kauzuia. Akaniambia, "Mtu yuko kwenye sijda, anatetemeka. Nani atamwambia ainuke?" Nikalia, Baba, mwiko mkononi. Sioni haya kukwambia.

Najua utasema yule aliandika mashairi, na haya ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Kweli. Lakini herufi zikisomeka na nukta zikikaa mahali pake, kosa liko wapi? Wewe ndiye mwenye elimu. Miye binti yako mbishi, nauliza tu. Andika hata aya moja kwa siku. Mjukuu wako Asya kila nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, lakini sura fupi anazisoma bila kukwama. Misahafu ya chapa tunayo. Nataka sura hizo azisome katika hati ya mkono wa babu yake.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya miguu inakuja na mtu. Nisalimie Shangazi mshona kofia, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mwambie bakora zake nimezisamehe. Kaka Hemedi mpe ahsante kwa kukuandikia barua ya mwisho. Hati yake imenyooka, mashallah. Lakini nilipofungua bahasha nikaona si mkono wako, nilikaa palepale kwenye ngazi nikadhani nimefiwa.

Hii nijibu mwenyewe, Baba. Hata neno moja, hata likiyumba.

Mwanao,
Salma