Kufuli ya Mzee Ndolo

Mutheu mjukuu wangu,

Sasa? Huku Kawangware tuko salama, ila juzi tulimzika Mzee Ndolo, landilodi wetu wa zamani.

Umeuliza kama mabishano yetu ya Jumapili, pale kwa fundi viatu, yaliwahi kubadilisha kitu. Kanuni yetu ilikuwa kwamba Jumapili inayofuata unatetea upande ule ulioupinga. Ndolo, aliyekuwa ametia mfereji wa maji wa ploti tuliyopanga kwake kufuli, alishikilia kwamba maji ni bidhaa kama sukari, asiye na pesa angoje. Zamu yake ya kusema kama mpangaji ilipofika, alianza akicheka: "Mimi ni mama, mtoto wangu ana homa..." Akachukua kofia akaenda, na kwenye mabishano yetu hakurudi tena.

Asubuhi yake tulikuta kufuli imetolewa. Majirani wakamshukuru Mungu. Sisi tuliojua ni nani aliyeitoa tukamtunzia siri yake, hata juzi kaburini.

Shosho yako