Shemeji Anataka Kuuza Ng'ombe, Nami Nimeona Maua Mlimani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla mnunuzi hajaja Jumamosi, maana nyumbani kila mtu ameshaamua isipokuwa mimi. Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, alikuwa mfugaji wa mwisho kupandisha ng'ombe kwenye uwanda wa juu mlimani, maana familia nyingine zilishaacha zamani, watoto wao wamekwenda mjini na hakuna anayetaka kulala kibandani kwenye baridi, kwa hiyo tangu msiba ng'ombe wetu wanakaa zizini wakikatiwa majani.

Marehemu alikuwa na mtindo wake, chumvi ya ng'ombe hakuiacha mahali pamoja, aliihamisha kutoka jabali hadi jabali ili ng'ombe wale huku, na kule walikotoka papumzike, na jioni alirudi na mbegu za majani zimeng'ang'ania soksi zake, mimi namchambulia mlangoni nikinung'unika, "Baba, unaniingizia mlima mzima ndani," naye anajibu, "Chambua tu, mama, wenzio ndivyo wanavyosafiri." Nilidhani anakwepa kufagia.

Baada ya mazishi nilikuta bonge lake la chumvi stoo, sikuweza kulitupa, nikalibeba hadi jabali alilokuwa amefikia kwenye mzunguko wake, nikaliweka, nikalia, nikashuka. Sikupanda tena. Mwezi uliopita nikagundua kwamba ng'ombe wetu mkongwe, tunayemwita Bibi kwa sababu hutangulia na hapendi kuharakishwa, hutoroka asubuhi na mabinti zake wawili na kurudi jioni ameshiba, nikamfuata. Mshauri, ule uwanda niliouona nikiwa bi harusi, wazi hadi mbinguni, haupo, vichaka vya miiba vimenipita kichwa, njia imemezwa, kidimbwi cha kunyweshea kimeziba na sikusikia hata chura, nilichosikia ni kengele ya Bibi tu mbele yangu.

Kisha vichaka vikaisha. Kulizunguka lile jabali nyasi zilikuwa fupi, na ndani yake maua madogo ya njano na ya buluu yamelala chini kwa chini, mengine sijayaona tangu niolewe, vipepeo wanapanda na kushuka, mende wanaviringisha kinyesi, ndege anaokota wadudu karibu kabisa na mdomo wa Bibi bila woga, na Bibi mwenyewe analamba jabali ambalo chumvi yake ilishakwisha siku nyingi. Nilivua viatu, sijui kwa nini. Palikuwa padogo kama ua wa nyumba yangu, na pembeni miiba imesimama inasubiri.

Nilipowasimulia, mwanangu akasema, "Mama, si vizuri? Msitu unarudi, mlima unapumzika." Shemeji akasema, "Wewe unashona mashati, shemeji, huko juu utashona nini?" Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikikubali wauzwe, pale patafungwa na miiba. Nikikataa, nani atawapandisha? Au ni majonzi yananidanganya?

Fundi Mjane

Fundi, pole sana. Majonzi hayaoteshi maua. Uliyoyaona yapo.

Mwanao hajakosea yote, iko miteremko iliyochoka ambayo inafaa kuachiwa msitu. Lakini uwanda ule ulitunzwa na midomo na kwato tangu enzi za babu zenu. Maua mafupi yanataka jua, kichaka kikiyafunika yanakufa, na vipepeo wanaondoka nayo. Na zile mbegu za kwenye soksi, ng'ombe nao walizibeba vivyo hivyo, kwenye manyoya na kwenye kwato, kutoka jabali hadi jabali. Mumeo hakuwa anakwepa kufagia, dada yangu. Nimekaa na sentensi yake ile, "ndivyo wanavyosafiri," tangu asubuhi, na kazi zangu nyingine zimelala.

Sasa nikugombeze kidogo. Watu wazima wanapanga mambo yako mbele yako, wewe unacheka nao, halafu unaliandikia gazeti. Kesho mchukue shemeji na mwanao, mpande nyuma ya Bibi. Usiwahubirie. Wasimame pale mpaka wanyamaze wenyewe.

Mkishuka, mnunuzi apewe madume kama ni lazima, ila Bibi na mabinti zake wasiguswe, hao ndio wanaoijua njia. Zitembelee zile familia zilizoacha, mpange zamu, kila nyumba ipandishe wiki yake, kwa sababu mtu mmoja peke yake kule juu atachoka kama walivyochoka wao. Msichome moto hata mkishawishiwa. Kateni miiba kuanzia ukingo wa ule uwazi kwenda nje, taratibu, kadiri ng'ombe watakavyoweza kufuata, na msiwajaze mahali pamoja wakapakanyaga pakawa vumbi. Wewe baki na cherehani yako, hakuna anayekudai uwe mume wako.

Ila jambo moja ulifanye kwa mkono wako. Nunua bonge jipya la chumvi, ulibebe mpaka juu, na usiliweke kwenye jabali lile. Alilokuwa amefikia yeye limeshafanya kazi yake. Liweke kwenye linalofuata.