Rael Amenipaka Siagi Kichwani

Jumamosi jioni, Agosti 1996. Mvua imenyesha saa nane kama kawaida yake, imeacha baridi ya kumfungia mtu jikoni.

Shajara yangu, kaa vizuri nikusimulie. Kutoka Kericho hadi Bomet, pita kila kilima chenye chai, hutapata mwanamke mwenye bahati kama mimi. Nywele zangu zimeanza kuota. Ndiyo, zile zile zilizonikimbia. Na aliyetangaza habari hiyo mbele ya wazee wa koo mbili si rafiki yangu, ni adui yangu, Rael. Niambie, ni nani mwingine ambaye adui yake humfanyia kazi ya redio bure?

Wewe unajua nilivyokuwa. Watu waliniita Lori, nami niliitika, kwa sababu lori halipiti bila kuonekana. Hapo kwa kibanda changu cha chai na chapati, karibu na kituo cha kupimia majani, nilikuwa na benchi langu peke yangu. Lakini magoti yakakataa kunibeba, sukari ikapanda, na mwaka jana daktari mgeni kutoka ng'ambo akanipasua. Alinipunguza tumbo vile fundi anapunguza gauni la marehemu livaliwe na mdogo wake. Mimi ndiye wa kwanza hapa kwetu kufanyiwa hivyo, na pengine nitakuwa wa mwisho. Watu wa hapa wanatafuta cha kujaza tumbo, si daktari wa kulipunguza.

Alinionya kwamba mwili ukizoea chakula kidogo, nywele zitaanguka, halafu zitarudi. Nilicheka. Nilimwambia mimi nimefika Mombasa, siogopi nywele.

Zilianza kubaki kwa kitana. Halafu kwa mto. Halafu siku moja dereva wa trekta akavuta unywele mrefu kutoka kwa chapati yangu, akauinua juu kama mtu aliyevua samaki. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikakalia gunia la makaa mpaka chai ikamwagika jikoni.

Nimejaribu kila kitu. Mayai na maharagwe ya daktari nimekula. Mafuta ya nyonyo nimepaka. Mkojo wa ndama, ambao mama mkwe wangu aliuapia kabisa, huo pia nimepaka, na kitu pekee kilichokuja ni nzi. Mwisho nikanunua wigi Kisumu, kwa mama aliyekuwa akiuza dagaa wa omena upande huu na wigi upande ule. Wigi zuri, sina neno. Ila jua likiwaka kichwa changu kinanuka ziwa.

Hayo yote ningeyabeba. Kitu ambacho sikuweza kubeba ni mdomo wa Rael.

Huyu Rael tuliacha shule pamoja, darasa la saba, tukachuma chai mstari mmoja, tukaimba kwaya moja. Siku hiyo majani yanapimwa, wanawake wamepanga vikapu, yeye akasema kwa sauti ya kusikika: "Tumbo gani limepunguzwa? Mtu anakonda, nywele zinatoka, na nyinyi bado mnakunywa kwa vikombe vyake?"

Hakutaja ugonjwa. Miaka hii hakuna haja ya kuutaja.

Kesho yake mabenchi yangu yalikuwa matupu. Chapati zililiwa na mbwa, nao wakanenepa kwa niaba yangu. Na hata kama ningekuwa na ugonjwa wenyewe? Binamu yangu aliondoka na ugonjwa huo. Nilimwosha kwa mikono hii, na maji yaliyobaki kwa kikombe chake niliyanywa mimi. Ugonjwa si tusi. Ni Rael aliyeufanya tusi, akanirushia.

Niliapa nitamlipa. Nilifikiria kumtilia pilipili kwa chai. Nilifikiria kumkalisha kwa lile benchi lililovunjika mguu. Nilifikiria harusi ya mtoto wangu, sahani zinapita, kila mtu amepewa paja, na Rael amepewa shingo ya kuku, shingo tupu, bila mchuzi. Ile shingo ilinilaza usingizi mtamu wiki nyingi.

Mungu naye ni mcheshi. Kijana aliyempenda binti yangu Chelangat ni Kibet, mwalimu wa huko Kabianga, na babake Kibet ni kaka ya Rael. Yaani adui yangu ni shangazi ya mkwe wangu.

Sasa, kwetu siku ya koito, mkishapatana mahari, watu wa kijana huwapaka wazazi wa msichana siagi kichwani. Ndiyo baraka yenyewe, ndiyo undugu. Na katika ukoo wao anayeshika kibuyu cha siagi ni shangazi. Siagi haipakwi kwa wigi. Rael alilijua hilo, akaanza kujigamba huko mtoni mapema: "Siku ya siagi tutaona kilicho chini ya ile nyavu ya samaki."

Jana Chelangat alikuja jikoni akanishika mkono. "Mama, tafadhali. Vaa kitambaa tu, watakupaka mashavuni. Nimeshaongea na Kibet. Usilete vita."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kwa mdomo.

Leo wamekuja, koti na kofia, wakakaa. Mambo ya ng'ombe yalikwisha bila kelele. Rael akasimama na kibuyu. Alikuwa na kilemba kipya, na tabasamu la mtu aliyeona nyoka akiingia nyumba ya jirani. Akampaka mzee wangu, ambaye hata ukimpaka lami atasema asante. Kisha akaja mbele yangu, akangoja.

Nikavua wigi mwenyewe. Nililivua polepole, vile wazee wanavua kofia wakiingia kanisani, nikaliweka magotini. Wengi mle ndani hawakuwahi kuona kichwa changu. Kiling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Mtoto mmoja aliuliza swali, akafunikwa mdomo.

"Rael dada yangu," nikasema, kwa sauti ya kufika nyuma, "paka. Paka mpaka nyuma ya masikio. Ukimaliza, hii mursik, maziwa yetu ya kibuyu, iko kwa kikombe changu, nikinywa nusu, nusu ni yako."

Ulikuwa mtego mtamu. Nilikuwa nimeupika wiki nzima. Akikataa kunigusa, amekataa undugu mbele ya wazee wake mwenyewe, na hawatamsamehe. Akinigusa, mikono yake imefuta maneno yake. Kulia shimo, kushoto shimo.

Lakini kulikuwa na shimo la tatu, na nililiona nikiwa nimeshainamisha kichwa. Rael akirudi nyuma, Chelangat hana bwana.

Nilimtazama mtoto wangu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia mikono ya Rael. Mtoto wangu mimi mwenyewe, nimemchukua nikamweka juu ya ulimi wa mwanamke mwingine, kwa sababu ya hasira zangu.

Rael alisimama tu. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Tone la siagi likaanguka kwa kiatu chake. Mzee mmoja wa upande wao akakohoa kile kikohozi cha wazee, ambacho si kikohozi.

Sikuomba. Nilitaka kusema basi, paka mashavuni, yaishe. Shingo yangu haikukubali. Shingo yangu ni ngumu hata baada ya kukonda.

Kisha nikasikia mkono wake. Ulikuwa baridi. Akapaka utosini, akashuka kwa kisogo, akapita nyuma ya masikio kama nilivyomwamuru. Hakuharakisha. Kuna mahali vidole vilisimama, vikarudi, vikapita tena pale pale.

"Wazee," akasema, "zinaota."

Nikafikiri nimesikia vibaya.

"Nazisikia kwa vidole. Ziko hapa, ndogo ndogo. Huyu ni kama chai iliyopogolewa, mnangoja tu mvua. Mimi niliyesema yale mengine pale kwa kituo, nilisema upuuzi."

Siagi iliyobaki kwa vidole akajipaka mashavuni mwake. Akachukua kikombe changu kabla sijanywa nusu, akanywa, akanirudishia. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakatoka chini ya kitanda. Chelangat alikuwa analia na kucheka, pua inamwagika kama mtoto wa nasari. Kesho, nakuambia, mabenchi yangu yatajaa.

Nimeshinda. Sivyo? Adui amekiri mbele ya koo mbili, amenigusa, amekunywa kikombe changu. Mtu akishinda hivi anapaswa kulala kifua wazi. Mbona nina hasira kuliko jana?

Kwa sababu nilimwandalia aibu na yeye akatoka nayo amevaa heshima. Wazee wote walimsifu akienda. Mzee wangu, ambaye hasifu mtu, alisema, "Yule mama ana roho." Nilitamani kumpiga kwa wigi.

Saa hii Chelangat ameniletea maji ya moto nioshe siagi. Akaniuliza, "Mama, kweli zinaota?"

Nikamwambia, "Kwani Rael husema uongo?"

Tulicheka mpaka babake akauliza kama tumelewa. Kisha Chelangat akaenda kulala, naye ana bwana, na hajui jinsi nilivyokaribia kumpotezea.

Nimebaki na kioo cha kunyolea cha mzee wangu. Nimekishika karibu na taa. Nimepitisha kidole pale ambapo vidole vyake vilisimama, nikarudi, nikapitisha tena. Sijui alisema vile kwa kuogopa wazee wake, au kwa kumwonea Chelangat huruma, au kwa sababu zamani tulichuma chai mstari mmoja. Siwezi kumuuliza. Na siku ya harusi nitampa nini? Shingo, au firigisi?

Niliyoandika pale juu ni uongo. Hakuna kilichoota. Hata unywele mmoja.