Kumpiga Nilimpiga

Jumatano, 10 Septemba 2025

Nimetoka mahabusu saa nne asubuhi kwa dhamana ya kaka Nikolaus. Mgongo unaniuma, sakafu ile si ya binadamu. Nimeoga mara mbili.

Niandike kabla watu hawajaanza kunisimulia mambo yangu wenyewe. Jana saa saba mchana nilikuwa uani nayeyusha nta ya kupaka mizinga ya nyuki. Mama yuko chumbani kwake, kajilaza na upande mmoja wa kanga kwa sababu ya joto. Mlango wa mbele ukagonga ukuta. Hodi hakuna. Kukimbia ndani — wanaume wawili, nguo za kiraia, mmoja anainua godoro la Mama na Mama mwenyewe yuko juu yake! Mwiko wa nta ulikuwa mkononi. Nikamshushia wa mkono. Mara moja tu. Mfupa ukalia.

Ndipo mwenzake akatoa kitambulisho. Polisi. Baada ya mwiko, si kabla.

Nimefunguliwa kesi ya kumshambulia askari akiwa kazini. Mimi, Apolinaria, mzee wa kanisa!

Ijumaa, 12 Septemba

Mwenyekiti wa kitongoji, Vedasto, kapita. Anasema wale askari walikuwa wanamtafuta mtu mwenye gobole la kuwindia. Wameelekezwa: nyumba yenye mizinga mlangoni. Mwezi wa tisa! Hapa Ipole mwezi huu nani hana mizinga mlangoni? Sote tunaipaka nta tukaitundike porini. Hata mchungaji anayo minne. Mgeni wa kuja anaona mizinga, anadhani kafika.

Nikamwuliza, walikupitia wewe kwanza? Hawakumpitia. Hati ya upekuzi aliiona? Hakuiona. Basi njoo useme mahakamani. Akasema nisimtaje, ana mambo yake. Nikamwambia chai imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda ibadani. Mama kila akisikia mlango anajifunika mpaka kichwa. Mwanamke aliyelea watoto saba, anajificha nyumbani kwake. Hilo linanichoma kuliko kesi.

Nikolaus kaleta karatasi kutoka kituoni. Imeshaandikwa, bado sahihi yangu tu: nilijua kuwa ni askari, nilimpiga kwa hasira, naomba radhi. Nikitia sahihi, kesi inafutwa. Kaka anasema mwenye nguvu mpishe. Nimpishe barabarani, sawa. Nimpishe sokoni. Chumbani kwa mama yangu nimpishe niende wapi?

Akasema nitafungwa, na Mama atabaki na nani. Nililia, lakini kwanza nilisubiri aondoke.

Karatasi nimewashia jiko.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemfuata Amne, yule msaidizi wa kisheria. Binti mdogo, ana miwani, haogopi mtu. Anasema sheria inaniruhusu kujitetea na kumtetea mwenzangu, ila kwa nguvu ya kiasi. Pigo moja, nikaacha — hilo linanisaidia. Kesi yote imesimama hapa: nilijua ni askari, au sikujua? Yule niliyempiga alijitambulisha, au hakujitambulisha? Maelezo yao yanasema alijitambulisha, kwa sauti, mara mbili.

Waongo.

Kesho kutwa nitasomewa shitaka. Amne kanionya: ukiulizwa, jibu "si kweli". Ukisema "kweli", umejifunga mwenyewe. Nikamwambia lakini kumpiga nilimpiga. Akashika kichwa.

Jumatano, 17 Septemba

Hakimu kauliza. Nikasema kumpiga ni kweli, kosa si kweli. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akaandika nimekana.

Kusikilizwa tarehe 9 Oktoba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niko mahakamani, kwenye benchi la nje. Benchi ni hili moja tu. Yule askari niliyempiga kaja, mkono umefungwa P.O.P., ile plasta ya mfupa, kaangalia huku na huku, kakaa mwisho kule. Kumbe mdogo. Hata ndevu hazijamjaa.

Akasema shikamoo. Nilikaza mdomo. Nikashindwa — shikamoo haiachwi hewani. Marahaba.

Akauliza mama hajambo? Nikamwambia analala na kiti kimeegeshwa mlangoni.

Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba hana amani na lile jambo. Nikamwuliza wazi: ulisema wewe ni askari? Akatazama mkono wake. Akakiri kwamba hakusema. Mwenzake ndiye aliyeandika yale maelezo.

Basi kaseme hivyo humo ndani.

"Mama, nina mwaka mmoja tu kazini."

Nikamwambia na mimi mama yangu ni mmoja tu.

Karani kafungua mlango, kaita kesi yetu. Shahidi wa kwanza ni yeye. Kasimama, kavuta shati kwa mkono mzima, kaingia. Nami nimeingizwa kizimbani, daftari magotini. Wanamwapisha. Namsikia anataja jina lake, namba yake, kituo chake. Sasa mwendesha mashitaka anamwuliza ulipofika mlangoni ulifanya nini.

Bado hajajibu.